Pima Kwanza, Ndipo Uagize: Maneno kwa Mafundi Vijana wa Pemba juu ya Sensa ya Valvu ya Moshi

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa ufundi wa magari na mafundi wa gereji, Chake Chake, Pemba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza tu pale nilipokuwa nachora ubaoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Maalim mkuu wa kituo, walimu, mafundi wenzangu mlioacha kazi gereji mkaja, wenye magari niliowaona wamekaa nyuma, na nyinyi wanafunzi, mabinti na vijana. Niliombwa nizungumze juu ya umeme wa magari ya kisasa. Umeme wa magari ni bahari, na mtu akitaka kuivuka yote kwa saa moja atazama. Kwa hivyo nimechagua kidude kimoja tu, kidogo kama kiberiti, kinachokaa juu ya valvu inayorudisha moshi kwenye injini. Valvu hiyo wengi mnaiita kwa herufi zake tatu, EGR. Na hicho kidude ni sensa yake, ambayo kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari valvu imefunguka kiasi gani. Basi. Haifungui wala haifungi. Inasema tu.

Nimekichagua kwa sababu kimewahi kunitia aibu, na kwa sababu watu wengi wa kisiwa hiki wamekinunua bila ya kuwa na haja nacho.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja wa upande wa Wete aliniletea Hiace ya dizeli. Gari ya abiria, inakwenda Chake na kurudi. Taa ya injini inawaka, vilima vinaishinda, na ikipanda inamwaga moshi mweusi. Nikaunganisha mashine ya kusomea makosa yaliyoandikwa na kompyuta ya gari, ikanipa namba P0405. Nikatafuta kwenye simu: sensa ya valvu ya EGR, umeme uko chini. Nikamwambia, "Mzee wangu, valvu hii imekufa, tuagize nyengine." Hakuniuliza neno. Alikuwa ananiamini, na mimi nilikuwa najiamini zaidi kuliko yeye.

Tukaagiza valvu kuukuu kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Ya kwanza ilikuja plagi yake haiingii, ikarudishwa. Ya pili ikaja kwa meli mpaka Mkoani. Gari imekaa siku kumi na tisa chini ya mwembe wangu, dereva na konda wake wamekaa barazani. Nikaifunga valvu, nikafuta kosa, nikawasha. Injini haijapata moto hata, taa ikarudi. P0405 ile ile.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikachomoa plagi, nikaimulika tochi. Pini moja ya ndani imeliwa kijani, kama senti ya shaba iliyosahauliwa mchangani. Kumbe gari ile alfajiri, kabla ya abiria, ilikuwa inachukua samaki bandarini. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yanachuruzika sakafuni, na nyote mnajua injini ya Hiace iko wapi: chini ya viti. Matone yalikuwa yanashuka juu ya ile plagi kila siku ya Mungu.

Nikabadilisha pini. Nikairudisha valvu yake ya zamani, ile niliyoiita maiti, nikawasha. Gari ikapanda kilima. Pesa ya valvu nilimrudishia yule mzee kidogo kidogo, naye alinisamehe mbele ya watu. Lakini zile siku kumi na tisa za gari yake sikuwa na namna ya kumrudishia.

Sasa nataka nyinyi msipite njia hiyo, kwa hivyo tukifungue kidude hichi tukijue.

Kwanza, kwa nini moshi urudishwe injini? Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika mia ni naitrojeni na sehemu 21 ni oksijeni. Hewa hizi mbili kwa kawaida zinakaa pamoja bila ya kugusana. Lakini ndani ya silinda joto likipanda sana, kiasi cha nyuzi 1,400 za selsiasi na zaidi, zinaungana na kuzaa oksidi za naitrojeni, ambazo zinaunguza mapafu. Watengenezaji wa magari Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaanza kutumia ujanja wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi umeshaungua, hauungui tena. Unakaa pale ukila nafasi na kunyonya joto, na moto wa silinda unapungua ukali. Valvu ya EGR ndiyo mlango wa moshi huo. Injini ikiwa baridi, magari mengi huufunga mlango, na mengi ya petroli huufunga pia kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila ya kukanyagwa mafuta. Ukishika mwendo wa wastani, unafunguka kwa kipimo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, unafungwa tena, kwa sababu hapo injini inataka hewa safi yote.

Kompyuta haina macho. Inaamrisha valvu ifunguke robo, lakini itajuaje kama imefunguka robo kweli? Ndipo sensa inapoingia.

Nyingi katika hizi zimetengenezwa kama kitufe cha sauti cha redio za zamani. Waliokuwa na redio za betri nyumbani wanakumbuka: ukizungusha kitufe sauti inapanda, na kikishazeeka kuna mahali ukifika kinakwaruza au sauti inakatika. Ndani mna ukanda wa kaboni, na juu yake kidole cha chuma kinachoteleza. Sensa yetu ni hivyo hivyo. Ina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Mmoja ni eathi, yaani njia ya umeme kurudi, na huo haufungwi kwenye bodi ya gari, unarudi kwenye kompyuta yenyewe. Wa tatu ndio unaopeleka habari. Valvu ikifunguka, kidole kinateleza, na volti za waya wa tatu zinapanda. Ziko na za aina nyengine, zinazotumia sumaku badala ya kidole. Hizo hazichakai upesi, lakini hazipimwi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ukizipima kwa omu utapata jibu lisilo na maana na utamtupa asiye na kosa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye roho ya somo lote. Valvu ikiwa imefungwa kabisa, mngetegemea sensa iseme sifuri. Haisemi sifuri. Gari nyingi husema kati ya volti 0.5 na 1.2. Na ikiwa wazi kabisa haisemi 5. Inaishia kwenye 4 na nusu au chini yake. Kwa nini waliacha nafasi chini na juu?

Fikirini mtu anapiga hodi. Nyumba yenye watu, hata kama mlango umefungwa, atatoka mtu aseme karibu, au angalau akohoe. Ukipiga hodi mara tatu kimya, unajua hamna mtu. Lile 0.8 ni mwenye nyumba anayekohoa: mlango umefungwa lakini mimi nipo. Sifuri ni kimya, na kompyuta ikisikia kimya haifikirii kwamba valvu imefungwa. Inafahamu kwamba habari imekatika. Hapo inawasha taa na kuandika P0405. Na ikisikia volti 5 kamili, inajua pia kuna jambo, kwa sababu mzima hafiki huko; inaandika P0406.

Mmeona? Namba ya kosa haikusema sensa mbovu. Imesema njia ya habari iko chini mno, au iko juu mno. Njia hiyo ina sensa, ina plagi, ina waya unaopita karibu na moto wa injini, ina plagi ya kompyuta na kompyuta yenyewe. Mimi nilisikia shahidi mmoja nikapitisha hukumu, jambo ambalo kadhi wa hapa Chake hangelifanya hata kwa kesi ya mbuzi.

Namba zenyewe mzielewe, zisiwe kama hirizi. P ni injini na gia. Sifuri inayofuata ni kwamba namba hiyo ni ya magari yote, si ya kiwanda kimoja. Nne ni mambo ya kupunguza uchafu wa moshi. Kisha ndio kosa lenyewe: 01 moshi unaorudi ni mchache, 02 ni mwingi, 03 ni umeme wa kuifungua valvu, 04 valvu haifuati amri, 05 na 06 ndiyo hii habari yetu. Mtindo huu Marekani waliulazimisha kwa magari ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa petroli mwaka 2001 na dizeli mwaka 2004. Magari yetu mengi yametoka Japani, yalitengenezwa yauzwe kwao, na baadhi yake yana tundu lile lile la pini 16 la kuchomekea kisomeo lakini vile visomeo vidogo vya bei rahisi haviwezi kuzungumza nayo. Msije mkasema kompyuta ya gari imekufa kwa sababu tu kisomeo chenu hakielewi lugha yake.

Haya, gari imeletwa. Unaanza wapi?

Unaanza kwa dereva. Muulize taa imewaka lini. Baada ya kuosha injini? Baada ya mvua? Ikiwa moto tu, au hata asubuhi? Kuna fundi mwengine ameigusa? Dereva anayelala na gari anajua mambo ambayo mashine haitayajua. Kisha soma makosa yote, andika kwenye daftari, na uandike pia hali ya injini ilivyokuwa kosa lilipotokea kama mashine inaonyesha. Usifute. Vijana mna mchezo huo wa kufuta kwanza tuone kama itarudi. Ukifuta, umefagia nyayo za mwizi.

Pima betri. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, 12.6 ni nzima. Injini ikiwaka, baina ya 13 na nusu na 14 na nusu. Betri dhaifu inaitia kompyuta wazimu, nawe utakimbiza sensa tano kwa siku.

Halafu macho. Macho yanatangulia mita, na nitawaambia kwa nini. Kisiwa chetu kinapata mvua kuliko Unguja, na hakuna barabara hapa iliyo mbali na bahari. Upepo wenyewe una chumvi. Gari nyingi zimekuja juu ya meli, zimerushiwa maji njia nzima. Chomoa plagi, mulika kila tundu. Kijani au weupe kama unga ni dalili ya kutu. Tazama kama pini imerudi nyuma au imepanuka. Fuata waya kwa vidole mpaka unapopotea, tazama palipogusa chuma cha moto, tazama palipoguguna panya. Panya wanapenda kulala juu ya injini yenye joto, na msimu wa karafuu magari yakilala shamba, ndio msimu wao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwenye Hiace utainua viti uiname kweli kweli.

Sababu ya kutanguliza macho ni hii. Pini iliyooza ndani ya plagi inaweza kuipita mita. Ukichomoa plagi ukapima, mita itakuonyesha volti 5 safi, kwa sababu mita haina kiu: inachukua umeme kidogo mno, na umeme kidogo unapita hata kwenye pini iliyoliwa na kutu. Ukirudisha plagi, sensa ikianza kunywa, zile 5 zinakuwa 3. Kwa hivyo pima plagi ikiwa imechomekwa, ufunguo umewashwa, injini imezimwa, na uingize sindano nyembamba kutoka nyuma ya plagi, ubavuni mwa waya. Na tafadhalini sana: msitoboe ganda la waya. Kwenye vitabu vya nchi kavu wanaandika kwamba unaweza kutoboa kisha ukaziba. Hapa Pemba ukitoboa waya umeifungulia bahari mlango, na baada ya miezi mitatu gari itarudi na kosa ulilolizaa wewe.

Waya wa kwanza ni ule wa volti 5. Ziko? Kama hazipo, usikimbilie kompyuta. Volti 5 hizo ni kama mfereji mmoja wa mtaa, unawapa maji majirani wengi: sensa ya kanyagio, sensa ya hewa, na nyenginezo. Jirani mmoja bomba lake likipasuka, wote wanakosa maji. Chomoa majirani mmoja mmoja huku unatazama mita. Ukichomoa mmoja volti zikarudi, mwizi umemkamata, na si valvu ya EGR. Dalili ya hali hii ni mashine kutoa makosa matatu manne ya sensa tofauti kwa mpigo. Sensa nne hazifi siku moja.

Waya wa pili, eathi. Mshipi mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye waya wa eathi wa sensa, ufunguo ukiwa umewashwa. Unatakiwa kuona karibu na sifuri, chini ya 0.1. Ukiona nusu volti, eathi imechoka, na sensa nzima inakaa juu ya ngazi: kila inachosema kinapanda. Eathi ikikatika kabisa, habari inapanda mpaka karibu na 5. P0406 nyingi nilizoziona mimi zilikuwa eathi.

Waya wa tatu ndio habari. Valvu imefungwa, soma. Kisha linganisha na kinachoonekana kwenye mashine. Mita ikisema 0.8 na mashine ikisema sifuri, habari inapotea njiani baina ya plagi na kompyuta. Sensa haina kosa.

Na kuna kipimo kimoja ambacho laiti ningekijua siku ile. Chomoa plagi. Chukua kipande cha waya, uunganishe tundu la volti 5 na tundu la habari upande wa kompyuta, taratibu, bila ya kupanua pini. Tazama mashine. Ikipanda mpaka karibu na 5, maana yake waya ni mzima na kompyuta inasikia. Kisha unganisha habari na eathi, ishuke sifuri. Ikifuata mkono wako juu na chini, njia yote ni nzima na aliyebaki ni sensa au mdomo wa plagi. Isipofuata, hata ungeagiza valvu kumi kutoka Japani, taa itabaki. Lakini mkumbuke, plagi ya valvu mara nyingi ina matundu matano au sita, na mawili ni ya mota inayoifungua valvu. Ramani ya nyaya muwe nayo mbele yenu, msitegemee rangi. Volti 12 zikigusa tundu la sensa, kompyuta inaweza kuungua, na kompyuta ya gari hapa kisiwani ni msiba.

Sensa ikishashukiwa kwa haki, ipimwe ikitembea. Valvu ifunguliwe polepole kwa amri ya mashine, au kama ni ya zamani inayovutwa kwa upepo, kwa pampu ya mkono. Habari ipande bila ya kuruka. Hapa nawaomba msitupe mita za mshale za wazee wenu. Mita ya namba inachelewa, na ukanda wa kaboni ukiwa umekatika mahali padogo, namba itaruka na hutaiona. Mshale unatetemeka. Nimeukuta ugonjwa wa gari iliyokuwa inakata sailensa wiki nzima kwa mtetemeko mmoja wa mshale. Na huku mshale unautazama, tikisa waya, gonga valvu kidogo kwa mpini wa bisibisi. Kosa la kuja na kuondoka halijitokezi kwa gari iliyotulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kuna siku utapima, utakuta valvu imeamrishwa ifungwe, na sensa inasema 1.8. Fundi mwenye haraka atasema sensa inaongopa. Fungua valvu. Utakuta masizi yamejazana kama masizi ya chungu cha kuni, kimeganda kipande kwenye kikalio, na valvu imebaki wazi. Sensa ilikuwa inasema kweli! Ndiyo pekee katika injini nzima iliyokuwa inasema kweli, na sisi tunaitupa jaani. Gari zetu za dizeli zinatembea mwendo mdogo, safari fupi, kusimama na kuondoka. Injini haipati joto la kutosha kuchoma masizi, basi yanajenga. Valvu ya namna hiyo inataka kusafishwa: dawa ya kusafishia kabureta, brashi laini, subira. Dawa isiingie upande wa mota na sensa, na usilazimishe valvu kwa bisibisi, kuna gia ndogo za plastiki ndani. Baadhi ya magari ukimaliza yanataka kufunzwa upya kwa mashine wapi ni mwanzo wa mlango. Usipofanya hivyo, taa itarudi na utaona umefanya kazi bure.

Na nitasema juu ya kibati. Mnajua ninachokisema. Gari inasumbua EGR, fundi anakata kibati cha debe, anaziba njia ya moshi, anachukua pesa yake. Nawaheshimu mafundi wenzangu, na ninajua mteja mwenyewe ndiye anayeomba. Lakini kibati hakilitibu kosa la umeme: P0405 itabaki pale pale, na pengine itazaliwa P0401 juu yake, kwani kompyuta inaona moshi haurudi. Injini za petroli zilizopangwa kwa EGR nyengine zinaanza kugonga zikipanda mlima. Na ule moto tuliosema, unazaa ile hewa inayounguza mapafu. Gari zetu zinapita mbele ya skuli. Watoto wanasimama ukingoni mwa barabara wanasubiri kuvuka, na vifua vyao viko karibu na bomba la moshi. Mimi kibati nilishakiweka zamani. Sikiweki tena.

Ukiwa umepata kosa kwenye plagi, litengeneze litengenezeke. Msasa kwenye pini hapana, unaondoa ngozi iliyopakwa kuzuia kutu. Tumia dawa ya kusafishia viunganisho vya umeme. Pini ikiwa imeliwa, ibadilishe, na plagi nzima unaweza kuikata kwenye gari zilizokwisha kufa. Kiungo cha waya kibanwe vizuri kivishwe mpira unaobana kwa joto, si gundi ya karatasi. Mwisho pakaza grisi ya umeme kidogo mdomoni mwa plagi. Kitu kidogo, kinazuia chumvi kwa muda mrefu.

Wenye magari mliokaa nyuma, na nyinyi nina neno. Fundi akikaa saa mbili anapima kisha akakuambia ni pini tu, mnamlipa pesa ya pini. Akikuambia ni valvu, mnamlipa vizuri, hata kama hakupima. Mafundi wanajifunza kutoka kwenu kwamba kupima hakuna malipo na kubadilisha kuna malipo. Mlipeni mtu kwa saa zake mbili. Tena muulizeni: umepima nini, umepata ngapi? Fundi aliyepima atakutajia namba. Asiyepima atakasirika.

Nanyi mafundi, msikasirike. Fungueni daftari. Kila gari, andika namba ya kosa, volti ulizozikuta kwa waya zote tatu, na kilichokuwa kibovu kweli. Langu lina miaka mingi sasa, na gari ya aina ile ile ikija tena, najua nzima inasema ngapi ikiwa imefungwa, bila ya kutafuta kwenye simu. Daftari hilo nimelileta, maalim atalipiga nakala kwa atakayetaka.

Maneno yangu yameisha, nimebakisha kazi. Mlipokuja mmeiona ile Noah nyeupe chini ya mwembe. Mwenyewe amekaa pale nyuma, ameniruhusu. Taa ya injini inawaka tangu juzi, mashine inasema P0406, na kuna mtu ameshamwambia aagize valvu. Sijaigusa kwa makusudi. Mabinti wawili wa mstari wa mbele mtashika mita, mmoja ataandika ubaoni. Tuanze na eathi. Ufunguo uko kwa maalim.